Kijana, Anza na Chuma Kitupu

Leo sihubiri. Leo tuzungumze kuhusu vyuma.

Tangu mwaka uanze nimeona vijana wetu wengi, na akina dada kadhaa, wamejiunga na jim. Wengine wanaenda zile za kulipia kwa mwezi. Wengine wanaenda zile za mtaani, ambapo uzito ni mikebe ya rangi iliyojazwa simiti na ekseli ya gari lililokufa zamani. Nimefurahi. Lakini pia nimesikia mengine. Mmoja hawezi kuinua mkono kuvaa shati. Mwingine amechukua pesa ya kodi ya nyumba akanunua unga wa protini. Na mzazi mmoja (si wa kanisa letu, msianze kukisia) aliniandikia saa sita usiku kwamba amepata sindano na vichupa chini ya godoro la mwanawe. Kijana ana miaka 19. Tangu abebe chuma mara ya kwanza ni wiki tisa tu.

Kwa hiyo nina maoni, na ninajua hayatawapendeza wote. Mpango wa kwanza wa mtu anayeanza unafaa kuwa mdogo mpaka aone haya kuuonyesha kwa wenzake. Siku tatu kwa wiki. Mazoezi sita kwa jumla. Daftari moja na kalamu. Anayekupa zaidi ya hapo mwezi wa kwanza, ama anakuuzia kitu ama hajui anachofanya.

Najua kuna wale watakaonijibu kwa 1 Timotheo 4:8. Someni vizuri. Paulo hakumwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili ni bure. Alimwonyesha kwamba faida yake ina mpaka, na utauwa unavuka mpaka huo. Faida yenye mpaka bado ni faida. Tusonge.

Shida ya kwanza ya anayeanza ni kuiga bingwa. Unafungua simu, unaona mtu mwenye kifua kama ukuta, na chini yake ameandika ratiba: Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mabega, Alhamisi mikono, Ijumaa miguu, Jumamosi mikono tena. Unainakili. Jumatatu unafanya kifua seti ishirini, na hadi Alhamisi huwezi kusukuma mlango wa matatu. Kifua hicho kitangoja wiki nzima kabla hujakigusa tena. Huyo bingwa ana miaka kumi au kumi na tano ya chuma nyuma yake. Mwili wake umezoea kazi nyingi, na ndiyo maana anaigawanya. Wako haujazoea hata kidogo. Unahitaji mgao mdogo unaorudiwa mara nyingi, kama vile mtoto hafundishwi kusoma kwa kupewa gazeti zima Jumamosi.

Vijana mnatumiana video ya Ronnie Coleman akichuchumaa na zaidi ya kilo 360 mabegani. Huyo Mmarekani alishinda Mr. Olympia mara nane mfululizo, 1998 hadi 2005. Ni kweli, ni ajabu. Lakini tafuteni pia picha zake za miaka ya baadaye, baada ya upasuaji wa mgongo na wa nyonga mara kadhaa, anavyotembea kwa shida. Simdharau. Alichagua njia yake na analipa gharama yake kwa uso wa furaha. Nasema tu msiichukue video bila kuichukua bili.

Hata mabingwa wa zamani hawakuwapa wanaoanza mambo makubwa. Reg Park, Mwingereza aliyehamia Johannesburg na aliyekuwa shujaa wa Arnold Schwarzenegger utotoni, alitoa kitabu kidogo mwaka 1960. Mpango wa mwanzo humo ni siku tatu kwa wiki, na mazoezi yake unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu aliyeshinda Mr. Universe mara tatu! Na kijana wetu wa wiki ya pili anataka siku sita.

Sasa mpango wenyewe. Chukueni daftari.

Mwili una kazi chache kubwa: kuchuchumaa na kuinuka, kuinama na kuokota, kusukuma mbele, kusukuma juu, kuvuta kuja kifuani, kuvuta kutoka juu. Hizo sita zikifanywa vizuri zinagusa karibu misuli yote. Zigawanye mara mbili. Siku ya kwanza fanya skwati, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani. Kisha lala kwenye benchi usukume. Kisha inama mgongo ukiwa umenyooka uvute chuma kuja tumboni. Siku ya pili okota chuma kutoka chini kwa nguvu ya nyonga, ile wanaita dedilifti; kisha simama usukume chuma juu ya kichwa; kisha jivute kwenye mti au bomba la juu. Kama huwezi kujivuta hata mara moja, ruka juu, halafu shuka polepole ukihesabu hadi tano. Hiyo pia ni kazi. Unabadilishana hivyo: kwanza, pili, kwanza, wiki inayofuata pili, kwanza, pili.

Wiki mbili za mwanzo, seti mbili kwa kila zoezi zinatosha. Baadaye tatu. Kila seti marudio 8 hadi 12, pumzika dakika mbili au tatu, endelea. Ukiweka seti ya chini wakati bado unahisi ungeweza mbili zaidi, umefanya vizuri. Hakuna haja ya kupiga kelele na kutetemeka kama injini ya mkokoteni. Ndani ya saa moja umemaliza na unaenda nyumbani.

Uanze na uzito gani? Chuma kitupu. Ule upao mrefu wa jim za kulipia wenyewe una kilo 20, na kwa dedilifti wekeni kitu chini yake uwe kwenye urefu wa muundi. Kwa dada au kijana mwembamba hata kilo 20 zaweza kuwa nyingi kusukuma juu ya kichwa. Chukua dambeli ndogo, au fimbo ya ufagio kwa siku mbili tatu. Najua jim itakuangalia. Iangalie pia.

Sababu ya kuanza hivyo si unyenyekevu tu. Wiki za kwanza, nguvu inayoongezeka haitoki sana kwenye ukubwa wa misuli. Inatoka kwenye neva, maana ubongo unajifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja na kwa mpangilio. Ukijifunza kuchuchumaa vibaya na uzito mkubwa, ubongo unahifadhi ubaya huo. Tena misuli huzoea haraka kuliko kano zinazoifunga kwenye mfupa. Ndiyo unasikia mtu wa miezi mitatu anasema ana nguvu lakini bega linauma. Misuli imekimbia, kano bado inavaa viatu.

Halafu ongeza kidogo kidogo. Hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Andika tarehe, zoezi, uzito, marudio. Ukimaliza seti zote tatu kwa marudio 12 na umbo zuri, siku inayofuata ongeza kilo 2 na nusu, urudi kwenye 8, upande tena. Tuseme kwenye skwati unaongeza kilo 2 na nusu mara moja tu kwa wiki. Ulianza na 20. Wiki ya 12 una 47 na nusu. Huo ni karibu mfuko mzima wa simiti mabegani, unachuchumaa nao na kuinuka mara nane, na hakuna siku hata moja uliyobeba kitu cha kukutisha.

Wazo hili si la jana. Wagiriki walisimulia juu ya Milo wa Croton, mpiga mieleka wa zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, kwamba alibeba ndama mmoja kila siku hadi akawa fahali. Hadithi ni tamu, ingawa mfugaji yeyote hapa atawaambia ndama hunenepa haraka kuliko mtu. Mimi napenda zaidi habari ya daktari Thomas DeLorme. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika hospitali ya jeshi la Marekani jijini Chicago, wodi zimejaa askari wenye magoti na miguu iliyovunjika. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yasiyobadilika. DeLorme, ambaye mwenyewe alijijenga kwa vyuma baada ya kuugua homa ya baridi yabisi ujanani, aliwapa uzito halisi na kuuongeza kadiri walivyopata nguvu. Aliandika matokeo yake mwaka 1945, na baadaye yeye na mwenzake wakauweka mpango huo kuwa seti tatu za marudio kumi. Zile tatu za kumi unazoambiwa na mwalimu wa jim mtaani zimepitia kwa askari wagonjwa. Ukiziona ndogo, kumbuka zilimwinua mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi.

Wale wa jim za mikebe mmeniuliza: hatuna vyuma vya kilo moja na robo, tunaongezaje? Ongezeni marudio badala ya uzito. Kaeni kwenye mkebe mmoja hadi mfike 15 kwa kila seti, ndipo mwende kwa mkebe unaofuata. Na pimeni hiyo mikebe! Lita moja ya simiti iliyochanganywa na kokoto ina uzito wa kilo 2.4 hivi, kwa hiyo mkebe wa rangi wa lita 4 ukijazwa ni kama kilo 9 na nusu. Lakini aliyejaza huenda alizidisha upande mmoja akapunguza mwingine, na mgongo wako ndio utakaojua. Muuza makaa ana mizani. Mwombeni dakika mbili. Mtungi wa maji wa lita 20 nao ni kilo 20, ukiujaza nusu ni 10, na hauhitaji mtu akuuzie.

Ndugu zangu wa mjengo, ninyi ni suala tofauti. Mtu aliyebeba simiti na mawe tangu saa moja asubuhi hana mwili wa kufanya siku tatu. Fanyeni mbili, moja iwe siku ya mapumziko yenu, na muweke mkazo kwenye kuvuta na kusukuma. Miguu na mgongo vimeshalipwa.

Siku zipi? Vitabu vingi vinasema Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maana misuli inataka siku katikati. Maumivu ya baada ya zoezi hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na wiki ya kwanza yatakuwepo. Lakini walioandika vile vitabu hawana kesha. Ukibeba vyuma Ijumaa jioni, ukakesha hadi asubuhi, ukalala saa tatu na Jumamosi ukaenda mazoezi ya kwaya, ule mwili umejengwa na nini? Misuli hujengwa ukila na ukilala. Kwa hiyo pendekezo langu kwa watu wa kanisa letu ni Jumapili jioni, Jumanne na Alhamisi. Ijumaa iko huru kwa kesha, Jumamosi ni ya usingizi. Na tafadhali msiniandikie kuuliza kama kubeba chuma Jumapili jioni ni dhambi. Mlikuwa mnaangalia mpira saa hiyo.

Kufunga nako kupangiwe. Kwenye ile mifungo mirefu ya Januari, uzito ubaki uleule, seti zipungue nusu, usiongeze chochote. Fanya karibu na saa ya kufungua ili ule mara moja baadaye. Anayefunga bila maji asiguse vyuma kabisa siku hizo. Kizunguzungu ukiwa na kilo 40 juu ya kifua si ushuhuda.

Tukifika kwa chakula, nataka kuokoa kodi ya nyumba ya watu. Utafiti uliokusanya majaribio mengi unaonyesha kwamba gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinamtosha mtu anayejenga misuli. Zaidi ya hapo faida inakuwa haionekani. Kijana wa kilo 65 anataka kama gramu 104. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa, 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa au ndengu, 14 hadi 15. Weka mayai matatu, glasi mbili za maziwa, vikombe viwili vya ndengu au maharagwe, tayari uko zaidi ya 60, na hujahesabu ugali, githeri, chapati wala ile omena unayoikunjia uso. Omena ni protini tupu iliyokaushwa na jua. Unga wa kopo ni maziwa yaliyochujwa. Si sumu, si dhambi, na si dawa. Mwenye pesa zake anunue. Wewe mwenye deni la mwenye nyumba, nunua ndengu.

Sasa sindano.

Mtu atakuja kwako wiki ya nane au ya kumi. Sijui kwa nini huja wakati huo, nadhani ni kwa sababu ndipo mshangao wa kwanza unaisha na kioo kinaanza kusema polepole. Atakuambia kila mtu mkubwa hapa anatumia, na kuhusu baadhi yao hatakuwa anadanganya. Kile anachokupa ni homoni ya kiume iliyotengenezwa, au kinachofanana nayo. Misuli itakua kweli. Nami sitawadanganya kwamba haifanyi kazi, maana mkigundua hilo ni uongo hamtaniamini kwa lile linalofuata.

Mwili ukiona homoni inatoka nje, unafunga kiwanda chake. Korodani zinapungua, mbegu zinapungua, na kijana wa miaka 19 anaweza kujiletea ugumu wa kupata mtoto kabla hata hajapata mke. Presha inapanda. Mafuta mabaya kwenye damu yanaongezeka na yale mazuri yanashuka. Moyo wenyewe ni msuli, nao unanenepa, lakini kunenepa kwa moyo si nguvu. Vidonge vya aina hiyo vinaumiza ini. Na chupa yenyewe, imetoka wapi? Imejazwa na nani? Sindano mkichangia, mmekaribisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kama umeshaanza, sikiza kwa makini. Usiache kimya kimya peke yako kwa sababu ya aibu. Ukikata ghafla baada ya kutumia muda mrefu, kiwanda kile kinaweza kuchukua miezi kuamka, na katikati hapo mtu huzama kwenye huzuni nzito, hana hamu ya chochote, na wengine huwaza kujidhuru. Nenda kwa daktari, mwambie jina la ulichotumia na kwa muda gani. Ukiogopa kwenda peke yako, nipigie, nitakaa nawe kwenye foleni. Sitauliza mbele ya watu na sitakuweka kwenye mahubiri.

Na wewe mzazi uliyeniandikia: usimfukuze. Umekasirika na una haki, lakini mwanao alitaka kuonekana mwanaume haraka, na mlango ukifungwa atatafuta wale wanaomwambia tayari ni mwanaume. Hao ndio wenye vichupa.

Akina dada wanauliza kama watafura kama wanaume. Hapana. Homoni ya kuwafanya hivyo mnayo kidogo sana. Mpango ni uleule niliouandika, uzito wa kuanzia ndio unatofautiana, na mama wa miaka 45 anaufaidi zaidi ya kijana kwa sababu mifupa pia inaitikia uzito. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Hawakusema wanaume peke yao. Mwenye mimba au aliyejifungua juzi aongee na mkunga wake kwanza.

Mambo mawili ya usalama kisha niwaache. Usilale kwenye benchi na chuma juu yako bila mtu kusimama upande wa kichwa, hata kama ni chepesi. Na maumivu ya msuli uliochoka, yale ya kuchekesha ukishuka ngazi, endelea nayo. Maumivu makali kwenye kiungo, au yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, au uvimbe unaotokea kwenye kinena ukikaza tumbo, weka chuma chini siku hiyo hiyo ukaonwe.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili, wauguzi wa idara yetu ya afya watakuwa nyuma ya kanisa na mashine ya presha. Ukiwa na zaidi ya miaka 40, au kwenu kuna historia ya presha, kisukari au moyo, pima kabla hujainua chochote. Ni bure. Njooni na daftari, nitaangalia mlichoandika, na nikikuta mtu amejaza siku sita nitampa kalamu nyekundu akate tatu mwenyewe.